Udongo Nyuma ya Pipa

"Dada Nyangi, nikuulize kitu, usinikasirikie. Unakulaga udongo?"

Nilimtazama yule msichana nikahisi masikio yananiwaka moto. Tulikuwa wawili tu kwenye chumba cha utafiti pale Musoma, upepo wa ziwani unacheza na pazia, na bado niligeuka mlangoni kuangalia kama kuna mtu amesikia. Udongo! Katika maneno yote aliyonayo Mungu, hilo ndilo lililonivunjia uchumba, na leo mtu kavaa koti jeupe ananiuliza kama ananiuliza habari za nyumbani.

"Nani amekuambia?" nikamrukia.

"Hakuna aliyeniambia. Wote wanaochangia damu tunawauliza, hasa wanawake. Udongo, barafu, mchele mbichi. Wengine mvua ya kwanza ikinyesha wanatamani wainame wailambe ardhi."

"Na ukishajua unakwenda kumwambia nani? Mama mkwe wangu?"

Akacheka. Aliponiona mimi sicheki akanyamaza, akasogeza kiti. Jina lake Mwanaupe, binti wa mjini hapohapo, mpole mpaka unashindwa kumgombeza. Yeye ndiye aliyenitoa damu ya utafiti walipokuja kanisani kwetu Bunda kutafuta watu wanaochangia damu mara kwa mara. Walitaka kujua miili yetu inabaki na nini tukishatoa, na leo walikuwa wameniita Musoma nichukue majibu.

"Sikiliza, dada. Kila ulipokwenda kuchangia walikutoboa kidole wakasema damu ipo, si ndiyo?"

"Ndiyo. Tena wakanisifu."

"Hawakukudanganya. Lakini sisi tunapima na akiba ya madini ya chuma. Chukulia mgeni kaingia kwako, kafunua sufuria, kakuta ugali umejaa. Atasema kwa huyu mama kuna shibe. Sisi tumekwenda kufunua debe la unga. Debe lako limebaki vumbi. Ukichangia damu unachota, kila mwezi mwili nao unachota, na hakuna anayerudishia. Mwili ukikosa chuma ndipo unatamani vitu vya ajabu. Ndiyo hicho kizunguzungu, ndiyo huo moyo unaokwenda mbio ukipanda ngazi. Na huo udongo ni mambo hayohayo."

"Kwa hiyo siyo mimba."

"Wajawazito nao chuma kinawapungukia, ndiyo maana watu wanadhani udongo ni wa wajawazito tu. Wewe huna mimba, dada. Una upungufu. Na siyo peke yako, tunawakuta wengi. Hatusemi watu waache kuchangia, tunatafuta namna ya kuwarudishia walichotoa."

Sikusikia mengine. Niliinamia meza yake nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Mwanaupe wa watu akaanza kunipapasa mgongo, akidhani naogopa ugonjwa.

"Usilie jamani! Ni vidonge tu. Ukimeza vizuri hamu yote inaisha, udongo utauona mchafu."

"Silii udongo, Mwanaupe. Namlilia mtu."

Ngoja nieleze, maana mambo haya ukiyaanzia katikati unaweza kuniona kichaa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Bunda mjini. Revocatus, Revo wangu, kwao ni Bukima, ila kazi yake iko Buhemba, huko Butiama, anatengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Tulichumbiana kwa heshima. Hakunigusa, wala sikumruhusu, tulikubaliana tusubiri kanisa. Watu wanacheka nikisema hivyo, wacheke tu.

Mama yake, Mama Dorotea, akapatwa na uvimbe wa kizazi. Akapasuliwa Bunda, hospitali ikataka ndugu wachangie damu. Ndugu! Kukiwa na sherehe wanajaa uani hadi unakosa pa kukanyaga, ikitajwa sindano kila mtu ana safari. Nikachangia mimi. Haukupita muda akaanza kutokwa damu upya, akakimbizwa Musoma, akapasuliwa tena. Nilimuuguza, nikamwogesha, nikamfulia. Aliporudishwa Bukima nikawa nafunga duka kila mwisho wa juma nakwenda kumpikia na kumchotea maji. Alikuwa ananiita "mwanangu", na sijasikia mtu mwingine akilitamka neno hilo likanituliza vile.

Hapo ndipo hamu ilipoanza. Nilikuwa nanunua sokoni vile vipande vya kijivu vilivyochomwa, navificha kwenye mfuko nyuma ya pipa la maji jikoni kwake, nikipata upenyo natafuna kimoja. Kwa nini nifiche? Kwa sababu kwetu mwanamke akila udongo watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza ni ya nani.

Siku moja Mama Dorotea akasogeza pipa afagie, akakuta mfuko. Revo alikuwa hajatia mguu nyumbani tangu masika. Mama akahesabu vidoleni, akapata jibu lake, akampigia simu. Revo alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza mbele ya mama yake na mjomba wake Makongoro: "Nyangi, una mimba?" Nikasema sina. Mama Dorotea akatoa kipimo cha mkojo alichoagiza duka la dawa, akaniwekea na kikopo.

"Kama huna, pima tuone."

"Mama, nimekuogesha kwa mikono hii," nikamwambia. "Leo nikojoe kwenye kopo mbele ya mjomba ndiyo uniamini?"

Nilimtazama Revo aseme hata neno moja. Hata "mama, acha" lingenitosha. Akatazama chini. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Tumbo lilipokataa kutokea wakasema nimeitoa. Nilikuwa nimepauka, nikisimama ghafla naona nyota, kwa hiyo hata waliokuwa wananitetea wakakosa la kusema. Nilikutana na Mama Dorotea sokoni Musoma, nikapiga goti, "Shikamoo, mama." Akanipita kama anapita nguzo ya umeme. Tangu siku hiyo salamu yangu iko palepale sokoni, haijaitikiwa.

Na sasa ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi wazee wa Bukima walikuwa wanapeleka posa Buhemba, kwa msichana anaitwa Sara, anayewapikia chakula mafundi wa makarasha. Wateja wangu walinipa habari hizo, na kwamba Revo ameshafika kwao kujiandaa, huku wakinitazama usoni, kuona nitafanyaje. Niliendelea kukanyaga cherehani.

Mwanaupe alinipa vidonge, akataka kuniandikia majibu kwenye karatasi nikamwonyeshe huyo mtu. Nikamkatalia.

"Mbona? Karatasi ina muhuri kabisa."

"Ndiyo maana siitaki. Namtaka aniamini mimi, siyo muhuri."

Akanitazama kwa huruma. "Dada, na asipokuamini?"

"Basi nitajua nilikuwa nalilia nini."

Nikapanda bodaboda mpaka Bukima.

* * *

Nilimkuta Revo ziwani, ameinama juu ya injini ya mtumbwi wa jirani, shati amelivua, mikono yake mafuta tupu. Kina mama wanaoanika dagaa waliniona kabla yake, wakaanza kugusana viwiko. Yeye alinyanyua kichwa akitafuta spana, akanikuta mimi. Spana ikabaki pale ilipo.

Eh, moyo hauna adabu! Niliapa njia nzima kwamba nitamwangalia kama mtu yeyote tu. Nikaona lile kovu dogo juu ya jicho lake, ambalo nilikuwa nalipitishia kidole nikimtania, nikashika ukingo wa mtumbwi nisianguke. Safari hii hata sikuweza kusingizia upungufu wa chuma.

"Nyangi."

"Pole na kazi, Revo."

"Nimeshapoa." Akajifuta mikono kwa kitambaa, haikutakata. "Umekonda."

"Na wewe umenenepa. Nasikia chakula cha Buhemba ni kitamu."

Akainamisha kichwa. Nilijiona mshindi kwa muda mfupi sana, halafu nikajuta.

"Umekuja kunisema?" akauliza. "Niseme tu. Nastahili."

"Sijaja kukusema. Nimekuja kukuambia kitu, ukitaka uamini, usipotaka basi. Tusogee pale, hawa mama zetu masikio yao marefu."

Tukakaa juu ya jiwe kubwa, mbali kidogo na watu. Nikamweleza yote, kama Mwanaupe alivyonieleza. Sufuria na debe la unga, udongo, barafu na mchele. Nilimwambia kwamba mfuko uliokutwa nyuma ya pipa ulikuwa ugonjwa wangu, nao wakauita mtoto. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yapo kwenye maji.

"Sina karatasi," nikamalizia. "Alitaka anipe, nimekataa. Nimekuja na mdomo uleule ulioukataa mwanzo."

Kisha akasema polepole, "Lakini Nyangi, ulichangia mara moja, pale Bunda. Chupa moja inaweza kumkausha mtu namna hiyo?"

"Mara moja? Kanisani nimechangia mara ngapi tangu hapo! Kila wakija nilikuwa namkumbuka mama pale kitandani, nashindwa kukaa. Na ile ya Musoma je?"

"Ya Musoma alichangia mjomba Makongoro."

Nikacheka. Jamani, nilicheka mpaka machozi.

"Unacheka nini? Si tulimchinjia mbuzi!"

"Mjomba Makongoro aliona sindano akaomba kwenda kujisaidia. Nilimkuta nyuma ya jengo ameshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Akaniambia, 'Mwanangu, nifichie aibu hii.' Nikamfichia, nikaingia mimi. Wakaniuliza, mara ya mwisho umechangia lini? Nikasema sijawahi. Wangejua ni juzijuzi tu wangenitimua, na mama alikuwa ameshalazwa mezani."

Revo alinitazama kama mimi ndiye niliyepigwa na yeye ndiye anayeumia.

"Ukaacha tumchinjie mbuzi?"

"Nilimpika mimi mwenyewe huyo mbuzi, umesahau? Ukaniambia pilipili imezidi."

Hapo uso wake ukavunjika. Aliuficha kwenye mikono yake yenye mafuta, mabega yanatikisika. Nilitaka nimguse. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, nikaurudisha kwenye kanga.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema.

"Ungenizuia. Ungesema mama yangu aokolewe na ndugu zake. Na ndugu zako tuliwaona."

"Siyo hilo. Ile siku. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Revo. Nilisema sina. Ulitaka niliseme mara ngapi?"

Upepo ulituletea harufu ya dagaa na ya petroli, harufu ya nyumbani kwao, na nikatambua nimeikosa kuliko nilivyodhani.

"Nikuambie ukweli?" akasema. "Nilijua. Nilipokuona umesimama pale na kile kikopo mbele yako, moyoni nilijua huna kitu. Nakujua mimi."

"Sasa?"

"Mama alikuwa ametoka kuchungulia kaburi, Nyangi. Kidonda bado kibichi. Nikasema nikimpinga, kikafumuka akanifia, nitaishije? Nikachagua. Nikasema Nyangi ana nguvu, Nyangi atabeba."

"Nguvu?" Nilisimama, kizunguzungu kikanishika, nikakaa tena. "Nguvu sikuwa nazo. Ndicho walichoniambia leo Musoma. Ile siku nilikuwa nimesimama kwa sababu nilijua ukinyanyua macho utanishika nisianguke. Wewe ukatazama chini. Uliona nini huko chini, Revo?"

"Niliona miguu yako," akasema. "Ulikuwa umevaa vile viatu vya bluu. Nimeviota mpaka nimechoka."

Ningekuwa mwanamke mwenye akili ningeondoka hapohapo. Lakini mapenzi na akili havijawahi kulala nyumba moja. Nilibaki nikalia, naye akalia, kina mama wa dagaa wakaacha kabisa kujifanya wanafanya kazi.

"Sikwenda kwa Sara kwa furaha," akasema baadaye. "Nilikuwa na upweke wa kunila. Yeye akaniwekea chakula, akaniuliza mbona huli. Basi. Mama akamsikia, akasema huyo ndiye."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sijakuuliza hilo."

Akanishika mkono. Mafuta meusi yakahamia vidoleni mwangu, na sikuutoa. "Jumamosi siendi," akasema. "Unanisikia? Siendi Buhemba. Twende kwa mama sasa hivi, nitamwambia mbele yako. Ile siku sikufungua mdomo, leo nitaufungua."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikumfikiria Sara hata kidogo. Tulipanda kilima kuelekea kwao tumeshikana mikono mchana kweupe, na kwa kipande hicho cha njia nilikuwa tena yule Nyangi wa zamani. Nilishaanza kukata kitambaa cha gauni langu kichwani, nikawaza mikono iwe mirefu au mifupi.

* * *

Mama Dorotea alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa msichana mnene kidogo, mwenye uso wa upole, kajifunga kanga mpya. Revo akaniachia mkono.

"Sara?" akasema. "Umekuja lini?"

"Sasa hivi tu. Mama aliniita," yule msichana akajibu, akinitazama mimi.

Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

Mama Dorotea akageuza uso kuelekea jikoni. Yaleyale ya sokoni.

"Mama, umesalimiwa," Revo akasema.

"Nimesikia. Huyu amekuja kutafuta nini kwangu? Hajaridhika na aibu aliyotuachia?"

"Aibu ni ya kwetu, siyo yake. Mama, ile damu ya Musoma, ya operesheni ya pili, nani alikupa?"

"Swali gani hilo? Kaka yangu Makongoro. Mpaka leo nasemaga asante kwenye rozari."

"Mjomba alikimbia sindano. Ni Nyangi. Ya Bunda ni yake, na ya Musoma ni yake. Alitoa juu ya kutoa, akadanganya ili wamkubalie, akakauka. Ule udongo ulioukuta nyuma ya pipa, mama, ni mwili wake ulikuwa unadai ulichokupa wewe. Hakuwa na mimba. Hakutoa mimba. Tumemuua kwa maneno mtu aliyekuponya."

Mama Dorotea alinigeukia. Alinitazama mikono, akanitazama viwiko hapo kwenye mshipa, kama anayetegemea kuona sindano bado iko palepale. Mkono wake mwenyewe ukashuka taratibu ukashika tumbo, pale alipopasuliwa.

"Makongoro alisema..." akaanza, asimalize.

"Na Jumamosi siendi Buhemba," Revo akasema. "Nisamehe, Sara. Nilikuwa na mtu, na mtu huyo hakunikosea."

Sara akasimama. Aliposimama, kisahani kilichokuwa mapajani mwake kikaanguka, na kitambaa kilichokifunika kikaenda upande. Nilikijua kitambaa kile. Nilikishona mimi, maua ya zambarau pembeni, zawadi niliyompa mama mkwe alipotoka hospitali. Na chini yake vikatawanyika vipande vya udongo, vyeupe, safi, vimechomwa vizuri kuliko vya sokoni. Bado vilinukia moshi wa jikoni kwa Mama Dorotea. Alimchomea mwenyewe, akamwandalia kwenye kisahani, akamfunika na kitambaa changu.

Kuku mmoja akaja akadonoa kipande, akakiacha.

Halafu wazo likanijia, wazo baya lenye tumaini ndani yake, na nikalifuata kama mtu anayezama anavyofuata jani.

"Dada Sara," nikasema, "umepima? Maana udongo siyo lazima uwe mimba. Mimi mwenyewe..."

"Nimepima," akasema kwa sauti ndogo. "Kliniki ya kule kwetu. Ni kweli. Ndiyo maana mama ameniita nije nipumzike huku." Machozi yakaanza kumtoka. "Mimi sikujua, dada. Niliambiwa Revo alikuwa na mtu, huyo mtu akamsaliti. Sikujua kama ni wewe, wala kama ni uongo."

Revo alikuwa amegeuka rangi ya jivu. "Sara, hukuniambia."

"Nilitaka nikuambie leo," Mama Dorotea akajibu badala yake. "Nilitaka iwe furaha, mwanangu."

Iwe furaha. Udongo uleule, jiko lilelile! Kwangu ulikuwa umalaya, kwa mwenzangu ni furaha, anachomewa na mama mkwe. Mkuki kwa nguruwe. Nilitaka kupiga kelele, nipige teke kile kisahani kiende mpaka ziwani. Lakini nilimtazama Sara, kasimama amejishika tumbo kwa mikono miwili, amewatazama watu watatu wanaoamua maisha yake. Nilimjua msichana yule. Nilishawahi kusimama palepale.

"Nyangi," Revo akasema haraka haraka, akinijia, "mtoto nitamlea. Atakuwa wangu, sitamkana. Lakini mimi na wewe..."

"Na huyu?"

"Huyu nitamhudumia, sitam..."

"Huyu utamwambia nini, Revo? Mtazame. Usitazame chini, mtazame."

Akamtazama. Sara akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Mimi uliniacha nitoke kwenye uwanja huu na mkoba wangu, watu wananicheka. Mwenzangu usimfanyie. Ukimfanyia, basi sikukupenda wewe, nilipenda picha." Nikawatazama wote wawili, yeye na Sara. "Jumamosi nendeni."

"Nyangi, nakuomba. Nimekuamini! Umekuja bila karatasi na nimekuamini."

"Umeniamini, ndiyo. Na nitakwenda nayo hiyo, nashukuru. Ungeniamini siku ya kikopo leo tungekuwa tunamchagulia mtoto wetu jina."

Niliinama nikaokota kile kitambaa, nikakikung'uta vumbi. Kukichukua nikashindwa. Nikakikunja nikamwekea Sara mkononi.

"Dada, ukirudi kliniki waambie kwamba unakula udongo. Usiwafiche. Watakupa vidonge vya kuongeza damu, na umeze, hata vikikuchefua. Huo udongo ni mwili wako unaomba msaada, siyo chakula. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada. Nisamehe."

"Hujanikosea kitu."

Nikageuka nikaanza kutembea. Revo alinifuata mpaka barabarani, pale bodaboda yangu ilipokuwa inanisubiri. Hakunigusa. Nilishukuru, maana angenigusa nisingeondoka.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Ukisema hapana nitakuelewa. Bado unanipenda?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumkomoa, niliyatunga usiku mwingi juu ya cherehani. Yote yakanikimbia.

"Bado," nikamwambia. "Mwanaupe ameniahidi hamu ya udongo itaisha. Hii nyingine sikumuuliza. Nenda, Revo, mkeo amesimama juani."

Nilipanda pikipiki nikajifunika kanga usoni. Dereva akapiga kiki, injini ikakataa, akapiga tena. Hapo ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yetu, ya mtu anayekimbia na hapaswi kukimbia, inayokatikakatika kwa pumzi na kilio.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Niligeuka kidogo. Mama Dorotea alikuwa amefika kwenye ua wa minyaa, kashika tumbo kwa mkono mmoja, mwingine ameunyoosha. Injini ikawaka.

"Dada, siyo wewe unaitwa?" dereva akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ananiitikia salamu tu. Twende."